Koti Jekundu Katikati ya Mto

Kila majani yalipoanza kupukutika, Nimet alikwenda kupiga picha za mto, na kila mara chama cha wapiga picha cha mji wa Erzincan kilimrudishia. Mara ya mwisho mwamuzi mmoja hakumficha: "Rangi nzuri, dada, lakini jicho halina pa kukaa. Mbele hamna kitu, katikati hamna kitu, mbingu imekula nusu nzima."

Kwa hiyo Jumapili ile alimvalisha mumewe Rasih koti jekundu, akamtuma asimame juu ya mwamba katikati ya mto.

"Wenzangu saa hizi wako mkahawani wanarusha dadu za tavla," Rasih alinung'unika akirukia mawe ya kuvukia. "Mimi nageuzwa sanamu."

"Sanamu haisemi. Nenda."

Nimet alishuka hadi pale mto unapopinda, ili mto umjie ukitokea nyuma ya Rasih. Jua lilikuwa limeigusa miti ya mipopla ya ng'ambo, majani manjano tupu. Akaishusha kamera karibu na maji, juu ya stendi yake ya miguu mitatu, akaliweka jiwe moja la kijani kwenye kona ya chini ya picha, jicho lianzie hapo, lipande na mkondo mpaka kwenye koti. Mbingu akaikata, akaacha ukanda tu. Akazungusha kioo cha kuondoa mng'ao, na majani yaliyolowa yakakolea.

Maji yalinguruma, hawakusikizana. Walielewana kwa mikono: akiashiria kulia, Rasih anasogea kulia, akiinua kiganja, anatulia.

Alipiga kadhaa. Alipochungulia tena, kona ya chini ilikuwa tupu. Akadhani ameitikisa stendi, akaisogeza kamera atafute jiwe jingine la mbele. Hakulipata. Ndipo alipoyatazama maji yenyewe: yalikuwa rangi ya udongo, yakibeba vijiti kwa kasi. Hapa kulikuwa kweupe, lakini milimani mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Alisimama akapunga mkono: njoo.

Rasih akatabasamu, akasogea kushoto, ukingoni kabisa mwa mwamba. Mgongo alikuwa ameupa mkondo.

"Rasih! Maji yanapanda!"

Akatega sikio, kisha akainua kidevu kama bwana harusi. Kila alivyozidi kupungiwa ndivyo alivyozidi kupiga pozi. Maji yalikuwa yameanza kulamba viatu vyake, naye akadhani ni mawimbi ya kawaida.

Nimet aling'oa stendi pamoja na kamera, akakimbia nayo kando ya mto, ikigongwa na matawi. Hapo tabasamu lilimtoka Rasih. Hakuwahi kumwona mkewe akiibeba ile kamera kama ufagio. Aligeuka. Mawe ya kuvukia hayakuonekana tena.

Alijitosa. Maji yakamfika kifuani, yakamsukuma chini kuelekea kwa Nimet. Nimet alilala kifudifudi juu ya mizizi ya mti, akaikumbatia kamera na kuisukuma miguu ya stendi majini. Rasih akaikosa. Akaikosa tena. Kisha vidole vyake vikanasa.

"Usiachie hata ukifa!"

"Nikifa nitaachia, mwanamke! Vuta!"

Alivuta mpaka mabega yakalia. Alipomfikisha ukingoni, wote wawili walilala matopeni wakihema, na kamera ikiwa chini yao, imejaa maji.

Ndani ya gari waliwasha joto. Rasih alishika kwa mikono miwili bilauri ya chai waliyokuja nayo kwenye chupa, meno yakigongana.

"Uliona saa ngapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Maji, Nimet."

Angeweza kusema uongo. "Jiwe la mbele lilipotea. Nikatafuta jingine kwanza. Nilidhani ni kamera."

Rasih alikunywa chai mpaka ikaisha. Hadi mjini alitazama nje ya dirisha, na Nimet hakuthubutu kumgusa.

Kamera haikupona, ila picha zilipona. Siku ya tatu alimkuta Rasih mezani, ameifungua picha ya mwisho kwenye kompyuta: jiwe limezama nusu, koti jekundu limesimama, mto ukilijia kwa nyuma.

"Hii jicho lina pa kukaa," alisema bila kugeuka.

"Siipeleki chamani. Naifuta."

"Usifute. Iache nitazame." Akamvutia kiti. "Safari ijayo nitakaa ukingoni, nitayatazama maji. Wewe tafuta mtu mwingine wa koti."

Nimet aliketi kando yake. Alimshika mkono, naye hakuuondoa.