Majoho Aliyoyakalia

Fundi cherehani alikuwa na mtindo wa kazi ambao mafundi wenzake waliucheka mpaka wakauzoea. Umeme ukikatika huku ana nguo ya marinda, hakuhangaika na pasi ya mkaa. Aliikunja vizuri, akaitandika kwenye kiti chake, akaikalia na kuendelea kushona nyingine. Jioni marinda yalitoka yamelala sawasawa. "Pasi yangu haili mkaa," aliwaambia wateja, akijipiga makalioni.

Sasa pasi hiyo ilikuwa mbovu. Ilianza kwa mwasho, ukaja uvimbe, kisha damu mbichi kila alipokwenda chooni. Hakuhitaji kuambiwa kuwa ni bawasiri. Kaka yake alikuwa nayo, na fundi ndiye aliyemcheka kuliko wote.

Alijitibu kimyakimya. Alijifungia bafuni na kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, mkewe akigonga mlango: "Mume wangu, unaoga au unajipika?" Alikula mapapai na mboga za majani, akanywa maji mpaka tumbo likalia. Siku moja, kwa akili zake mwenyewe, alijipaka dawa ya kuchulia misuli. Aliona cha moto! Alirukaruka bafuni akiuma taulo asisikike. Maji na mboga vilimpa nafuu, lakini nafuu gani hiyo, na kila kukicha anarudi kukalia kiti kilekile kutwa nzima?

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili tu. Tatizo ni kwamba muuguzi wa pale alikuwa mkazamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, waliyekaa naye ua mmoja. Binti huyu alimwamkia kwa kupiga goti. Naye fundi alikohoa kwanza kabla ya kutoka uani, ili binti apate kujitanda khanga. Utani wao wote ulipita dirishani, kila mtu upande wake. Hata soksi zake hakutaka binti azianue kambani.

"Mkweo kasomea mambo hayo," mkewe alimwambia, baada ya kuikuta nguo yake ya ndani iliyofuliwa vibaya, ina damu bado.

"Ndiyo maana siendi."

"Basi kufa na heshima zako."

Mkewe alisema kwa hasira, lakini usiku ule alilia, na fundi alimsikia.

Kisha yakaja majoho ya kwaya, meupe pe, yenye marinda mgongoni. Umeme ukakatika. Fundi alijikaza kisabuni, akayakunja, akayakalia. Maumivu aliyazoea kiasi kwamba hakuhisi kitu kipya. Mwalimu wa kwaya alipofika na waimbaji wake, fundi aliinuka, akavuta joho la juu na kulikung'uta mbele yao kwa madaha, kama kawaida yake.

Doa lilikuwa kubwa kuliko kiganja.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Fundi alianza kulikunja upya lile joho, duka likazunguka, akaanguka.

Alipozinduka alikuwa kitandani zahanati. Daktari, mwanamume wa makamo, alikuwa amemaliza kumpima damu.

"Mzee, damu yako imepungua vibaya. Nitaufunga huo uvimbe kwa mpira mdogo, unyauke wenyewe. Haichukui muda."

"Nani atakusaidia, daktari?"

"Sista."

"Nipelekeni hospitali nyingine."

"Ni safari ya kutwa, mzee. Utakaa garini kwa makalio yapi?"

Pazia likasogezwa. Mkazamwana aliingia, akamwona, akasimama pale pale. Alimnong'oneza daktari, lakini chumba kilikuwa kidogo: "Ni baba mkwe wangu."

Daktari aliwatazama wote wawili. "Mwenzako je?"

"Yuko likizo ya uzazi."

Basi. Hakukuwa na wa kumlaumu. Binti alivaa glavu polepole, vidole vikikataa kuingia. Fundi alijifunika uso kwa kofia yake.

"Mgonjwa," sauti ilisema, "lala ubavu wa kushoto. Magoti yasogeze kifuani."

Mgonjwa! Tangu aolewe hakuwahi kumwita kitu kingine ila Baba. Neno lilimchoma, kisha akaelewa: binti alikuwa anajaribu kumtoa Baba chumbani, kwa namna pekee aliyoiweza.

"Ndiyo, sista," alijibu kutoka ndani ya kofia.

Maumivu hayakuwa makali kama alivyoogopa. Kilichomwelemea ni kujua mikono iliyomshikilia ni ya nani. Walipomaliza, ilimfunika shuka hadi mabegani. Binti akatoa maelekezo akiutazama ukuta: maji ya uvuguvugu aendelee nayo, mboga na matunda asiache, asikae kitako muda mrefu, damu ikirudi naye arudi.

"Unaweza kuvaa, mgonjwa," alisema, akatoka.

Nje ya pazia, mama mkwe wake, aliyeitwa kutoka nyumbani, alikuwa akimngoja.

"Mwanangu, baba yako yukoje?"

  Fundi akasikia binti akiangua kilio, kilio cha mtoto, na mkewe akimbembeleza, "Jamani, jamani, basi mama." Siku nyingine angekohoa, akamrushia mzaha mpaka acheke.  Leo alibaki amesimama nyuma ya pazia, suruali mkononi, akisikiliza, hajui atatoka vipi.