Krismasi ya Mkamwana

Asubuhi ya Krismasi Bibi alisingizia goti. Goti lenyewe lilikuwa linauma kweli, lakini si la kumzuia mtu kwenda kanisani. Alishawahi kwenda na goti baya kuliko hilo, tena kwa miguu. Ukweli ni kwamba alitaka kuona. Tangu utoto alikuwa akiianza siku hii kwenye benchi la kanisa, na hakuwahi kujua wale wasiokwenda huwa wanafanya nini.

Safari hii alikuwa na sababu ya kujua. Mwezi mzima alikuwa kwa mwanawe, dereva wa lori, ambaye hata leo alikuwa njiani. Nyumbani alibaki na mkamwana wake, msusi. Naye bintiye, mwalimu, alikuwa amempa mpaka leo adhuhuri aseme: atahamia kwake, kwenye nyumba ya sala asubuhi na jioni, au atabaki hapa moja kwa moja.

"Nyumba ile ina taa za rangi tu, Mama," Mwalimu alisema kwenye simu. "Mungu hatajwi. Ndimo utakamozeekea humo?"

Aliyoyasema binti yalikuwa kweli.

Alipoingia sebuleni alimkuta mkamwana ameshavaa aproni, ameweka kiti katikati, na vitana na mafuta viko mezani. Juu ya kabati alikuwa amepanga sanamu ndogo za mbao za Krismasi, zile alizokuja nazo Bibi kwenye kopo la biskuti. Bibi akavaa miwani. Mtoto Yesu alilala mbele peke yake. Nyuma yake Maria, kisha Yosefu, mamajusi watatu, wachungaji, punda na kondoo wawili, wote mstari mmoja, kila mmoja akitazama kisogo cha mwenzake.

"Mwanangu, hawa wamefanyaje?"

"Wako kwenye foleni, Mama. Si wamekuja kumwona mtoto?"

"Na mama yake mzazi naye kapanga foleni?"

Mkamwana akainama kutazama. "Kumbe huyu ndiye mama. Mimi nilidhani kawahi tu."

Bibi alicheka mpaka akashika kabati. Binti wa watu hakuwahi kusimuliwa habari hizi. Kwao Krismasi ilikuwa nguo mpya na muziki. Bibi akamsogeza Maria karibu na mtoto, na ndiyo kwanza anaanza kueleza, mlango ukagongwa.

Aliingia mlinzi wa ghala, mama mnene aliyetoka lindo, kofia mkononi. Akamwamkia Bibi, akaketi kitini kama aliyefika kwao.

"Leo nawe unasukwa?" Bibi akauliza.

"Kila Krismasi, Bibi. Ibada ya saa nne nataka niingie na kichwa cha watu. Kofia hii inanifanya kama kuku aliyenyeshewa."

Baada yake alikuja muuguzi, kisha mfagiaji wa barabara. Wote walikuwa wametoka kazini, hakuna aliyepata nafasi ya kusukwa juzi wala jana. Wala hakuna aliyelipa. Bibi naye alipewa kazi: kuchambua nywele za bandia na kumpa msusi fungu moja moja.

"Kwa hiyo hii unamfanyia Bwana," alisema walipobaki wawili.

"Hapana, Mama, nisikudanganye." Mkamwana alikuwa anafuta vitana. "Marehemu mama alikuwa anafagia soko hata siku ya Krismasi. Akirudi anapita uchochoroni, watu waliopendeza wasimwone kichwa. Basi nikasema, siku nikijua kusuka, wenzake hawatapita uchochoroni."

"Na kuomba je?"

"Sijui kuomba. Nikifumba macho nawaza wateja."

Bibi alitafuta moyoni mwake mahali pa kuliweka jambo hilo, akakosa. Akaliacha kwanza lisimame hapo lilipo.

Adhuhuri Mwalimu akafika kutoka kanisani, gauni limenyooshwa, kwenye gari ametandika mto kwa ajili ya goti la mama yake. Mkamwana alikuwa anamalizia mteja wa mwisho.

"Mama, siku kama ya leo unachambua nywele?"

"Zimesokotana, mwanangu."

"Wifi, umemgeuza mama kibarua."

"Ana mkono mwepesi, wifi. Ukimchukua nitamwajiri nani?" Alisema kwa utani, lakini vidole vyake vilikuwa vimesimama katikati ya msuko, na Bibi aliviona.

"Basi, Mama. Umeamua?"

"Nabaki."

"Hapa utasali na nani?"

"Nitasali mwenyewe, kwa sauti. Anayetaka kusikia asikie. Jumapili utanipitia."

"Kwangu umekosa nini?"

Bibi alimshika mkono. "Hujanipungukia kitu. Hata huo mto wa garini nimeuona dirishani. Ila kwako kila nikiuliza, najua nitakachojibiwa. Hapa bado sijui, nami sijachoka kuuliza."

Mwalimu akavua viatu vyake vya kanisani na kuuliza kama chai ipo. Mkamwana, vidole vikishughulika tena, alisema ipo kwenye chupa.

Mteja alipoondoka, Bibi alikunguta nywele mapajani. "Haya, mwanangu. Ikifika saa saba huwa mnafanya nini?"

"Tunalala, Mama."

Bibi hakuwahi kulala mchana wa Krismasi hata siku moja. Akaenda kuona kulivyo.