Misa Iliyopita Ndani ya Ukuta

Josaphat alikata ule waya wa internet kwa panga, siku ya Ijumaa, mchana kweupe, na wala hakujificha. Alipanda juu ya kiti cha plastiki katikati ya ua wa dada yake, akaupiga mara moja, vipande vikaanguka: kimoja upande wa mbele, kingine upande wa wapangaji. Akashuka, akapangusa panga kwenye suruali.

Dada yake, Félicité, alitoka mbio ndani ya cyber yake, chumba cha internet ya kulipia.

"Yaya, kaka yangu, umefanya nini?"

"Nimefanya kile weye ulishindwa. Ulishawapa wale watu nyumba. Sasa unawapa na internet? Jumapili wataitana hapa, watajaa. Unajua watapanga nini?"

"Watasali. Mutoto wao anapewa upadri."

"Ndiyo vile wanakuambia," alisema Josaphat, akavuka barabara kurudi kwake.

Nyumba ilikuwa ya Félicité. Baba yao aliijenga hapa Bunia kwa matofali ya kuchoma, kuta nene, na alipokufa akamwachia binti yake, maana Josaphat alikwisha kujengewa yake ng'ambo ya barabara. Chumba cha mbele Félicité alikigeuza cyber, na dishi la internet likawa juu ya bati. Vyumba vya nyuma alivitenga kwa ukuta mwingine baada ya vita, akampangisha mwalimu mmoja jina lake Donatien, mke wake Nadège, na Monique, mama yake Nadège. Wote watatu walikuwa wamekimbia Djugu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wakati wa vita makabila mawili, la kina Félicité na la wapangaji wake, yaliuana sana, na Adolphe, mume wa Félicité, aliuawa na watu waliotoka huko huko Djugu. Mtaani wakasema anakula sahani moja na waliomla mume wake. Félicité aliwajibu mara moja tu, kwenye foleni ya maji, madumu yakiwa chini:

"Siku Adolphe anakufa, Nadège alikuwa mutoto wa shule. Munioneshe panga yenye alishika."

Hakuna aliyemwonyesha. Lakini hakuna aliyenyamaza pia.

Sasa Monique alikuwa na mtoto wa mwisho, Aimé, aliyekuwa Kisangani kwa masomo ya upadri. Siku yake ilipopangwa, mama alishona kitenge, akafunga begi, akaenda kungoja gari. Juma lile lile magari yalishambuliwa kwenye barabara ya Kisangani, kati ya Komanda na Mambasa, na madereva wakakataa kuondoka. Ndege haikuwa ya watu kama wao. Monique akarudi na begi lake, akaliweka chini ya kitanda bila kulifungua. Ndipo Aimé alipopiga simu: parokia itaonyesha misa yote kwa internet, moja kwa moja. Simu za pale nyuma zilishika mtandao kwa kubahatisha, kwa hiyo Félicité mwenyewe ndiye aliyevuta waya kutoka cyber mpaka kwa wapangaji. Waya huo ndio kaka yake alioukata.

Jumamosi asubuhi Félicité alimwita Katsuva, fundi wa Butembo aliyemtunzia dishi. Katsuva aliokota vipande, akavitazama.

"Naweza kuweka mupya."

"Ataukata tena. Tafuta njia ingine."

Wakajaribu bila waya. Katsuva alishika simu, akatembea kutoka cyber kuelekea nyuma. Kwenye ukuta wa kwanza mtandao ulidhoofika, kwenye wa pili ukafa kabisa.

"Matofali ya muzee ni kali," alisema. "Basi waje wakae huku mbele, kwa cyber."

Monique alikuwa amesimama mlangoni. "Nikae mbele ya barabara, vijana wa mutaa wanitupie maneno mu mugongo siku ya mutoto wangu? Apana. Heri nisione."

Katsuva alikuna kichwa. Kisha akauliza swali ambalo Félicité hakulitegemea, la mita ya umeme: "Nyumba yote iko na compteur moja ya courant, ama mbili?"

"Moja. Josaphat anasumbua kila siku nitenganishe, nisichange courant na wao. Nilikataa."

Katsuva akacheka. Alipanda pikipiki yake, akaenda, akarudi na viboksi viwili vyeupe, kila kimoja na meno ya kuchomekwa ukutani.

"Inaitwa CPL. Internet inaingia mu fili, ile waya ya courant, inatembea nayo mpaka chumba ingine. Ni kama barabara ya Komanda: lori inapita, pikipiki inapita, hakuna mwenye anamungoja mwenziwe."

"Na fili mupya?"

"Hakuna fili mupya. Ni hii yenye iko mu ukuta."

Félicité aliutazama ukuta. Alikuwa msichana mdogo baba yake alipotoboa mifereji kwenye yale matofali, akalaza nyaya ndani, akafunika kwa saruji huku akimkaripia kila aliyepita karibu. Hata vita havikuzifikia nyaya zile.

Kiboksi kimoja kilichomekwa kando ya mashine ya internet. Cha pili Katsuva alikijaribu kwenye prizi, tundu la umeme la mlangoni kwa Nadège. Taa ikawaka nyekundu, na picha kwenye kompyuta ikawa inaruka ruka. Nadège akashusha pumzi. Wakasogeza kitanda cha Monique, pale nyuma yake palikuwa na prizi nyingine, yenye vumbi. Taa ikawa ya kijani. Katsuva akafungua video ya kwaya fulani, na kwaya ikaimba bila kukwama hata mara moja.

"Chomeka ku ukuta moja kwa moja, usiweke ku rallonge, ile waya ya kuongezea, internet itapotea," Katsuva aliwaonya. "Na muogope motere. Motere ikiwaka, inaleta kelele mu fili."

Hakuna aliyefikiria motere yoyote. Ndani ya stoo ya Félicité kulikuwa na friza kubwa ya Josaphat, aliyekuwa akiuza samaki wa Mahagi-Port, lakini siku ile ilikuwa tupu na imezimwa. Gari la samaki lilifika jioni. Josaphat alikuwa na ufunguo wake wa stoo. Akaijaza friza mpaka juu, akaiwasha, akaenda kulala.

Jumapili umeme ulikuwepo, na hilo peke yake watu wa nyuma walilishukuru kama neema. Walikuja jamaa wa Monique kutoka kambi za waliokimbia, wakaingia wawili wawili ili wasionekane kundi. Walikaa kitandani, chini, kwenye ndoo zilizogeuzwa. Félicité alihamisha kompyuta yenye kioo kikubwa kutoka cyber, akavaa kitenge chake cha kanisani, akakaa katikati yao. Wa upande wake alikuwa peke yake.

Misa ilianza. Aimé alipotokea kwenye maandamano, mrefu, amevaa nyeupe, Monique aliinuka. Akasogea, akagusa kioo kwa kidole, na Donatien akamrudisha taratibu ili wengine waone.

Josaphat aliingia uani na vijana wawili wa mtaa. Alikuwa amesikia nyimbo. Alitazama juu, akatazama chini ya bati, akazunguka nyumba, akarudi mlangoni jasho likimtoka.

"Félicité! Fili iko wapi?"

Félicité alitoka, akasimama kizingitini. "Fili gani?"

"Usinichezee. Internet inawafikia na nini?"

"Na courant. Iko mu ukuta, kwa ile fili ya baba, yeye mwenyewe aliiweka. Kama unataka kuikata, bomoa nyumba ya baba. Anzia hapa." Akaupiga ukuta kwa kiganja.

Kijana mmoja akacheka, kisha akaona uso wa Josaphat, akaacha.

Kule ndani wimbo ulikatika.

Félicité aligeuka. Kwenye kioo Aimé alikuwa amelala kifudifudi mbele ya altare, uso sakafuni, kama inavyofanywa kwa kila anayepewa upadri, wakati watu wanaimba litania ya watakatifu. Picha ilikuwa imesimama hapo hapo. Hakuna sauti. Hakuna aliyesogea, wala kule Kisangani wala humu chumbani.

"Mbona haamuki?" aliuliza Monique.

"Mama, ni picha tu imesimama," alisema Nadège.

"Mbona haamuki?"

Akarudia mara ya tatu, sauti imepanda, na mwanamke mmoja aliyekaa kwenye ndoo akajifunika uso kwa kitenge. Katika chumba kile hakuna ambaye hakuwahi kuona watu wamelazwa chini namna ile. Félicité naye alikuwa ameona. Adolphe walimkuta hivyo hivyo, uso chini. Hata Josaphat, pale mlangoni, aliyaondoa macho kwenye kioo. Yeye ndiye aliyemgeuza Adolphe siku ile.

Ndipo Félicité aliposikia mngurumo kutoka stoo: friza, iliyokuwa imetulia, imejiwasha tena. Motere.

Alipita katikati ya kaka yake na wale vijana bila kuomba njia. Josaphat alielewa anakokwenda, akamfuata. Walifika kwenye friza pamoja.

"Gusa hiyo uone."

"Naigusa."

"Samaki yangu itaoza!"

"Ioze! Mama wa watu anaona mutoto wake chini, haamuki, na weye unaniambia samaki?"

Akang'oa waya ukutani. Friza ikakohoa, ikanyamaza.

Josaphat alinyanyua mkono. Félicité hakurudi nyuma hata hatua.

"Piga," alisema. "Piga, Yaya. Halafu utarudi kwako, na mimi nitarudi ku misa. Adolphe alikuwa wangu. Si weye utanichagulia nani nimuchukie."

Kutoka upande wa pili wa ukuta litania ikasikika tena, mbali kidogo, sauti za watu wengi. Kisha vigelegele. Aimé alikuwa ameinuka.

Mkono wa Josaphat ulishuka polepole. Aliwaita vijana, wakaishika friza pembe zote, wakaivusha barabara na samaki wake ndani, huku maji yakidondoka njia nzima.

Félicité alirudi, akapata nafasi yake imetunzwa. Askofu alikuwa anamwekea Aimé mikono kichwani. Monique alimshika Félicité mkono juu ya kiganja, akaukaza mpaka misa ikaisha, wala hakumtazama. Félicité hakuwa amemsamehe mtu yeyote. Waliomuua mume wake hakuwajua, na angewajua asingewapa hata maji ya kunywa. Lakini mikono iliyomshika siku ile haikuwa yao, na alichoka kuambiwa kwamba ni yao.

Juma lililofuata ukoo ulimwita. Baba mdogo alisema kwa upole kwamba wapangaji watoke, heshima ya familia irudi. Josaphat alikaa pembeni, akiangalia viatu vyake.

"Kama ni juu ya Adolphe," Félicité aliwajibu, "nani hapa alilala bila mume tangu siku ile? Ni mimi. Basi ni mimi nitasema. Hawatoki."

Chakula kikaletwa, wakala bila kumkaribisha mezani. Akachukua mkoba wake, akaenda.

Mambo hayakulainika. Josaphat aliacha kumsalimia. Wateja wengine wa cyber waliacha kuja, na Félicité aliona waziwazi nani anavuka barabara ili asipite mbele ya mlango wake. Lakini Donatien alianza kuleta wanafunzi wake, na kila Jumapili chumba cha nyuma kilijaa watu wenye ndugu mbali, waliokuja kuwaona kwa internet, sasa wakiingia kwa lango kubwa, wote kwa pamoja, bila kujigawa wawili wawili.

Asubuhi moja Félicité alikuta lango limeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa zilizotiririka: MUSALITI. Nadège alikuwa amekwisha kutoka na ndoo na sabuni, macho yamemwiva kwa machozi.

"Mama Félicité, nasafisha sasa hivi, kabla watu hawajaona."

"Acha."

"Mama, siye ndio tunakuletea hii."

"Nimesema acha. Kila mutu asome."

Akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi ya bluu lililobaki siku walipopaka cyber. Akachuchumaa mbele ya lango, na chini ya lile neno, kwa mwandiko wake wa shule, bila haraka, akaandika: CYBER IKO WAZI, INGIENI.

Akainuka, akajifuta mikono, akamwambia Nadège awashe kompyuta.