Mashine ya Meza ya Saba

Nianze kwa kukiri mwenyewe kabla hujasimuliwa na wengine, maana wapo na hawachoki: siku ile mjinga nilikuwa mimi. Tena si mjinga wa kusahau ufunguo mlangoni. Mjinga mwenye kitambulisho shingoni na bisibisi mfukoni.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika karakana ya miguu bandia. Wananiita Waya. Ufundi sikuusomea sana, niliupata kwa kuunguza: nimeunguza vifaa vya watu wanne na uchumba mmoja, na kila kimoja kimenifunza jambo.

Ijumaa hiyo, saa kumi alasiri, walikuwa wanakuja watu wa kutubadilishia programu zote za ofisi. Programu mpya hazipokei kanzidata za zamani hivi hivi. Lazima zikaguliwe kwanza. Nikapewa programu ya kukagulia, nami nikaibatiza Mkaguzi. Inazunguka kwenye seva, inafungua faili moja moja, inapekua, kisha inaandika mstari: kijani, limepita; mwekundu, lina kosa. Faili litakalofika saa kumi likiwa na mstari mwekundu linafungwa kwenye diski na kusafirishwa makao makuu. Na makao makuu ukiomba kitu leo, unajibiwa siku umeshasahau uliomba nini.

Mafaili yalikuwa arobaini na moja. Asubuhi ishirini na saba yalikuwa mekundu kama macho ya mlevi. Wewe ungelia. Mimi nilikunja mikono ya shati, maana hapo ndipo ninapoipendea kazi hii.

Moja lilifungwa kwa neno la siri na mtunza stoo aliyestaafu. Nikampigia simu.

"Ni jina la mke wangu," akasema.

Nikaandika, likakataa. Nikampigia tena.

"Aa, samahani kijana. La yule wa kwanza." Akashusha sauti. "Na usilitaje kwa nguvu, huyu yuko hapa."

Lingine lilikaa ndani ya folda iliyo ndani ya folda iliyo ndani ya folda, anwani ndefu mpaka Mkaguzi akaishiwa pumzi njiani. Nikalihamishia karibu na mlango. Lingine liliruhusiwa kusomwa tu bila kuguswa, nikalilegeza. Kijani, kijani, kijani! Kila mmoja ulipowaka nilipiga meza konde. Saa saba mchana mwekundu ulibaki mmoja tu.

Ulikuwa wa shemeji.

Shemeji ni mke wa kaka yangu, na ndiye mpimaji mkuu. Kwa miaka kumi na sita, kila mtu aliyepita hapa kavuliwa kiatu na yeye, kapimwa na yeye, na vipimo vyake vimeingia kwenye kanzidata aliyoitengeneza yeye mwenyewe, bila fundi. Watu elfu sita mia mbili na kumi na watatu. Mwaka jana tarishi mmoja, anayeishi safari ya siku mbili kutoka hapa, alipasukiwa na kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia. Akapiga simu tu. Shemeji akasoma namba, wenzetu wakamwaga plasta, mguu ukapanda basi, ukamkaa kama alizaliwa nao. Faili lile likienda makao makuu, mtu kama huyo atakaa kitandani mwezi mzima akisubiri namba zake mwenyewe.

Kosa lenyewe lilisomeka hivi: "Faili linatumika na mtu mwingine."

Nikacheka. Kosa hilo ni la watoto. Faili la aina hiyo likifunguliwa, pembeni yake huzaliwa kifaili kidogo kinachoandika jina la mashine iliyoingia, kama ndara zilizoachwa mlangoni: ukiziona, unajua nani yuko ndani. Nikachungulia. MEZA-07.

Meza ya saba anakaa nani? Shemeji.

Nikaingia chumba cha vipimo kwa mwendo wa askari aliyemwona mwizi.

"Shemeji, toka kwenye faili."

"Nimetoka tangu asubuhi, shemeji. Ulitangaza tutoke, nikatoka."

"Mashine inasema umo."

"Basi mashine yako ni mmbea."

Babu Jasi, fundi plasta wetu, alikuwa kwenye beseni lake, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. "Waya," akasema, "huyo mama hata mlango wa choo akitoka hurudi kuhakikisha kama kaufunga."

Sikumsikiliza. Nikazima mashine ya shemeji. Nikarudi mbio chumba cha seva, ghorofa ya chini. Mwekundu. Nikapanda ngazi, nikachomoa waya wa mtandao. Nikashuka. Mwekundu. Nikapanda, nikachomoa waya wa umeme.

"Chomoa na pazia," Babu Jasi akanishauri.

Saa nane na nusu nilikuwa nimeifungua mashine ya watu, vipande vyake nimevitandaza mezani kama samaki anayeparuliwa. Jasho linanitoka, lakini nimejikaza kisabuni. Kwenye fomu ya ukaguzi, mahali palipoandikwa "Chanzo cha kuchelewa", nilishajaza kwa kalamu: Mtumiaji wa meza ya saba. Sikuwa na shaka hata chembe.

Saa tisa na robo nikamwona shemeji kachukua karatasi na kuanza kuandika kwa mkono.

"Unaandika nini?"

"Watu wa mwezi huu. Wale ninaowakumbuka." Hakuinua kichwa. "Nimefika kumi na tisa."

Kumi na tisa kati ya elfu sita. Hapo masihara yakanikauka mdomoni.

Akaandika jina moja zaidi, kisha akaitazama meza iliyojaa vipande. "Hivi shemeji, hii mashine si mliniletea mwaka juzi?"

"Mwaka juzi, ndiyo. Nikaipa jina mwenyewe, MEZA-07-MPYA."

"Na kule chini umesoma jina gani?"

"MEZA-07."

"Mpya?"

"MEZA-07 tu."

"Na ile ya zamani, yenye ufa kwenye kioo, iliyokuwa ikikaa hapa kabla ya hii. Ilikwenda wapi?"

"Ile nili..."

Ile niliichukua mimi. Iko chumba cha seva, kwenye rafu ya chini, inanisaidia vijikazi vyangu. Jina sikulibadilisha, nani ana muda? Na asubuhi ile, kabla ya kutangazia watu watoke, nililifungua faili la shemeji kwenye mashine hiyo hiyo nimwonyeshe meneja jinsi lilivyopitwa na wakati. "Tazama, bosi," nilimwambia, "kama suruali ya babu." Tukacheka. Kisha nikaenda kuwatangazia watu watoke.

"Mungu wangu," nikasema.

"Kumbe ni nani?" akauliza Babu Jasi.

Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi. Nilishuka tatu tatu, shemeji nyuma yangu kashika sketi kwa mkono mmoja, Babu Jasi nyuma yake akidondosha plasta kila hatua. Saa tisa na dakika thelathini na tano. Nikabonyeza kitufe kwenye mashine yenye ufa, kioo kikaamka, na faili likawa linanitazama, mstari wa kwanza juu kabisa: mtu wa kwanza aliyepimwa na shemeji. Nikalifunga. Kule kwenye seva kifaili kidogo kikatoweka papo hapo, ndara zimeondoka mlangoni.

Nikamwamsha Mkaguzi.

Akaanza kuhesabu watu. Mia. Mia tatu. Sijawahi kuona kitu kinatambaa vile. Elfu moja. Shemeji kasimama nyuma ya kiti changu, naisikia pumzi yake utosini.

"Anakwenda?"

"Anakwenda."

"Mbona kasimama?"

"Kasimama kwa mtu mwenye miguu bandia miwili, shemeji. Ana mistari mingi."

"Huyo namjua," akasema. "Muungwana sana. Mwache amsome vizuri."

Elfu tatu. Elfu nne na mia tano. Saa kumi kasoro dakika nane mlango ukagongwa. Watu wa programu wamewahi, wawili, na masanduku yao. Babu Jasi akaenda kuuziba mlango kwa mwili wake na ile mikono yake myeupe.

"Subirini nje, wanangu. Kuna mgonjwa anahudumiwa."

Elfu sita. Elfu sita na mia moja. Tukaanza kuhesabu kwa sauti, wote watatu, na wale wawili wa nje nao wakadakia bila kujua wanahesabu nini. Mia mbili na kumi! Na moja! Na mbili! Na tatu!

Kijani.

Shemeji alipiga yowe ambalo nadhani lilifika hata makao makuu. Babu Jasi akanikumbatia, na shati langu la kazi likabaki na viganja viwili mgongoni mpaka leo. Mimi nilirukaruka kama mtoto, nikagonga kichwa kwenye rafu, nikaendelea kuruka.

Ilikuwa zamu ya fomu. Tulirudi juu, shemeji akaiokota mwenyewe pale mezani kwake ili asaini sehemu yake. Akasoma. Furaha ikamtoka usoni.

"'Mtumiaji wa meza ya saba.' Huyo ni mimi?"

"Niliandika mapema, shemeji."

"Na hapa chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi: mtumiaji akiwa ndiye chanzo, ataondolewa ruhusa ya kuandika kwenye faili." Akaniangalia. "Faili langu. Niwe nalitazama tu dirishani."

"Lakini si uongo moja kwa moja. Mashine inaitwa Meza ya Saba."

"Futa."

"Nitaandika ni mtandao."

"Mtandao wa watu umekukosea nini? Futa, andika ukweli."

"Shemeji, hebu nionee huruma. Nikiandika ni mimi, makao makuu watauliza huyu fundi wenu ana kichwa cha namna gani. Wewe ni ndugu yangu, nisitiri. Unataka mimi niwajibu nini?"

Akauchomoa mfuniko wa kalamu, akaniwekea kalamu mkononi, akanikunjia na vidole.

"Wajibu kwamba hapa tunatengeneza miguu, shemeji. Vichwa bado hatujaanza."