Maji Hayajachemka

Katika nchi ya Upyani hakuna kitu kilichoamka pale kilipolala. Mlango uliofungukia ndani jana leo ulifungukia nje. Ngazi iliyokuwa na vidato saba ilipata cha nane bila mtu kuambiwa, watu wakavunjika meno. Na bomba la maji lililozoea kuzungushwa kulia lilitaka sasa libonyezwe, mwezi ujao lipulizwe. Kwa sababu hiyo watu wa Upyani walitembea mikono mbele, wakipapasa hewa hata mchana kweupe, na mgeni aliyeingia mjini mara ya kwanza alidhani wote wamepatwa na maradhi ya macho. Juu ya kilima lilikaa Jumba la Waboreshaji, jeupe, pana, lenye madirisha yasiyohesabika, na ndani yake alikaa Mtukufu Tengua, ambaye alikuwa amepitisha sheria kwamba nyumba zote za nchi ni mali ya Jumba, na aishiye ndani yake ni mtumiaji tu, hata kama mawe aliyabeba mwenyewe kichwani. Kila nyumba iliyoboreshwa ilimegwa shubiri moja, na kila shubiri iliyomegwa huku chini ilionekana huko juu, kwani Jumba lilizidi kunenepa mwaka hadi mwaka.

Si kwamba Waboreshaji walikuwa watu wakali. Afadhali wangekuwa wakali! Walikuja na tabasamu, wakabisha hodi kwa adabu, wakanyoosha hati ya masharti ndefu kuliko kilemba cha kadhi, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisoma ikaisha, kisha wakauliza: "Je, tukuboreshee sasa, au baadaye?" Majibu yalikuwa hayo mawili tu. Neno la tatu, lile ambalo mtoto hulijua kabla ya kulijua jina lake, lilikuwa limeondolewa katika lugha, pamoja na ndugu zake "la", "sitaki" na "sikubali". Sheria ilisema nyumba yoyote litakaposikika neno hilo iboreshwe papo hapo, kuanzia kizingiti hadi paa, bila muhula. Basi watu walijifunza kulimeza, nalo likawakaa kooni kama mwiba wa samaki.

Bi Rehani alikuwa na "baadaye" kumi na mbili, kama kila mtumiaji, na alizitumia kwa ubahili kama mwanamke anayegawa maji ya mtungi wa mwisho. Hakuwa akijipigania mwenyewe. Yeye angezoea, wanawake wa Upyani walikwisha kuzoea mengi mabaya kuliko mlango. Alikuwa akimpigania mumewe, Mzee Shaali.

Mzee Shaali alikuwa mwashi, na nyumba ile aliijenga kwa mikono yake kabla sheria haijazaliwa. Mwaka wa tatu sasa akili yake ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo. Yalitangulia majina ya wajukuu, yakafuata ya watoto, na siku moja akimmenyea mkewe chungwa akamuuliza kwa upole, "Samahani, mama, wewe unaitwa nani?" Bi Rehani alikwenda uani akalia hadi kanga ikalowa, kisha akarudi, akamjibu.

Lakini miguu haikusahau. Kila alfajiri Mzee Shaali aliamka, akapiga hatua tisa, akageuka kulia, akashika komeo bila kulitafuta, akawasha makaa, akabandika mdila wa kahawa, akatia tangawizi kipande kimoja kilichopondwa. Kisha alimimina kikombe na kukileta kitandani kwa mikono miwili. "Karibu kahawa, mama," alisema, kama anavyokaribishwa mgeni wa heshima. "Ahsante, bwana," Bi Rehani alijibu. Ndiyo ndoa yote iliyokuwa imebaki, na Bi Rehani aliishukuru. Alimshukuru Mungu kwa zile hatua tisa, akaishukuru miguu, akalishukuru komeo.

Siku zile "baadaye" zake kumi na mbili zilipokwisha, alikuja Bwana Mashuke, mkuu wa Waboreshaji wa mtaa, mtu mnene wa maneno matamu.

"Bi Rehani, tuna furaha kubwa kukutaarifu," alianza.

"Furaha hiyo ni yako na nani, Bwana Mashuke?"

"Ya sote! Jiko litahamia chumbani, chumba kitahamia jikoni. Mlango utafunguka kwa kuinuliwa juu. Makaa hayahitajiki tena. Jiko jipya linawaka lenyewe ukilisemesha. Utazoea, mama."

"Mimi nitazoea. Mume wangu je? Huyu hakumbuki jina langu. Anachokumbuka ni njia ya kwenda kwenye jiko lake. Ukiligeuza hilo, umemchukua mtu wangu mzima."

Bwana Mashuke alitazama chini. Alikuwa na mama yake nyumbani, na huruma ilimgusa, ila mshahara nao ulimgusa. "Kila mtumiaji hujiona wa pekee," alisema polepole. "Sasa, mama, au...?" Akaitazama hati, akatikisa kichwa. "Hiyo 'au' imekwisha. Basi ni sasa."

Neno lilimpanda Bi Rehani hadi kwenye ulimi. Akalimeza, maana lingemletea yaleyale kwa haraka zaidi.

Kazi ilikwisha kabla ya alasiri, isipokuwa dirisha moja. Alfajiri iliyofuata Bi Rehani aliwahi kuamka, ili mzee akiinuka aikute kahawa tayari na asihangaike. Alisimama mbele ya lile jiko jipya akilisemesha. Alilibembeleza, alilisalimu, alilitukana kwa sauti ya chini. Jiko lilimuuliza kama ameridhishwa na huduma. Akiwa katika aibu hiyo ya kubishana na bati, alisikia nyuma yake hatua tisa, kisha kishindo kidogo cha paji la uso kwenye ukuta. Aligeuka. Mzee Shaali alikuwa akiupapasa ukuta mahali miguu yake ilipotegemea komeo, na usoni alikuwa na haya kubwa, haya ya mtu aliyejikuta katika chumba cha wenyewe.

"Niwieni radhi, jamaa," alisema kwa ukuta. "Nimekosea nyumba."

Akapita dirishani, ambako mafundi hawakuwa wamemaliza kazi, akaenda zake. Bi Rehani alikimbilia mlango, akausukuma, akauvuta, akakumbuka kwamba huinuliwa, na hadi alipouinua, barabara ilikuwa tupu. Hapo ndipo alipopiga ukemi.

Wa kwanza kutoka alikuwa jirani yake Kidawa, muuza maandazi, mwanamke mwenye ulimi usiolala njaa. Aliyaacha mafuta motoni, maandazi yakaungua yote yakawa makaa, na Bi Rehani alimshukuru kwa maandazi yale hadi mwisho wa maisha yake. Baada ya Kidawa wakatoka wengine, na wengine, mtaa mzima, mikono mbele, wakipapasa na kuita, "Mzee Shaali! Mzee Shaali ee!" Bi Rehani aliwatazama watu wale wasiojua hata milango yao wenyewe wakimtafutia mume, akawashukuru moyoni mmoja mmoja.

Sokoni walimuuliza msuka mikeka kama amemwona mzee mmoja, mrefu, shati la bluu.

"Nimemwona," alisema. "Lakini huyo si wa kwenu. Alikuwa anatembea bila kupapasa! Mikono ubavuni, shingo juu. Nikasema huyo lazima ni bwana mkubwa wa Jumba, nikamwinamia."

"Alielekea wapi?"

"Kilimani. Wakubwa huenda wapi kwingine?" alisema, akauacha mkeka wake akafuatana nao.

Ndipo Bi Rehani akakumbuka. Mzee Shaali ujanani alilijenga jiko la Jumba, wakati wa baba yake Tengua, akavipenda vipimo vyake mno hata alipojenga kwake akavirudia vilevile, hatua kwa hatua. Miguu yake ilikuwa imekataa kupotea. Ilimpeleka nyumbani, kwenye nyumba iliyofanana na nyumbani.

Mlangoni pa Jumba walimkuta askari, naye akakiri kwamba mzee yule alipita, na kwa jinsi alivyotembea yeye alimpigia saluti.

"Tunaweza kuingia?" aliuliza Kidawa.

Askari alifungua mdomo. Alitafuta jibu kulia, akalitafuta kushoto, masikini, akakosa, kwani sheria haikumbagua askari.

"Sasa au baadaye?" Kidawa alimsaidia.

"Ba... baadaye."

"Haya, tumengoja hapo ulipokuwa unafikiri. Baadaye ndiyo hii." Wakaingia.

Jamani! Waliyoyaona ndani hawakuyatarajia. Hapakuwa na kilichoboreshwa. Milango ilifungukia ndani kama milango ya bibi zao. Ngazi zilikuwa na vidato saba. Mitungi ya maji ilikaa kwenye pembe zake na ukungu wa kijani chini, ishara kwamba haikuhamishwa miaka arobaini. Watu walianza kushusha mikono yao, mmoja mmoja, bila kuambizana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya utu uzima wakatembea kama watu.

"Kumbe," alisema Kidawa, akafungua mlango mmoja, akaufunga, akaufungua tena.

Jikoni, mbele ya makaa mekundu, Mzee Shaali alikuwa ameinama akiuchungulia mdila. Uso wake ulikuwa umetulia. "Alhamdulillahi," alisema Bi Rehani, mara nyingi, chini kwa chini.

Wakati huohuo mlango wa pili ukafunguka, akaingia Mtukufu Tengua mwenyewe katika kanzu ya kulalia, akifuata kahawa yake kama alivyoifuata tangu utoto, na nyuma yake Bwana Mashuke aliyekuja kutoa taarifa ya asubuhi. Tengua alisimama. Alimtazama mzee, akaitazama halaiki iliyojaa mlangoni.

"Mzee," alisema kwa ile sauti laini ya Jumba, "umeingia kusiko kwako. Utatoka sasa, au baadaye?"

Mzee Shaali hakugeuka. Alipuliza makaa kidogo.

"Hapana," alisema. "Maji hayajachemka."

Neno lile halikuwa limesikika Upyani kwa muda mrefu hata vijana waliokuwepo walidhani ni jina la mtu. Mzee Shaali hakuwa shujaa, wala hakuwa akimpinga yeyote. Alikuwa amesahau tu. Amesahau wajukuu, amesahau watoto, na katika kusahau huko sheria nayo ilidondoka njiani, ikaliacha neno likiwa zima, safi, pale alipoliweka ujanani. Miaka mitatu Bi Rehani alikuwa ameulilia usahaulifu ule kila kona ya nyumba. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliushukuru.

"Neno hilo halipo," alisema Tengua.

"Lipo," alijibu mzee kwa adabu. "Nimelisema sasa hivi."

Mtu mmoja mlangoni alicheka, akaziba mdomo. Bwana Mashuke akawa anapekua hati yake, kwani alikuwa mtumishi mwaminifu, na uaminifu una hasara zake.

"Mtukufu," alisema, "sheria yako inasema nyumba litakaposikika neno hilo iboreshwe papo hapo, kuanzia kizingiti hadi paa. Limesikika humu. Mashahidi ni hawa. Niwaite mafundi?"

Tengua alilitazama jiko la baba yake. Aliyatazama mafiga aliyojiungulia kidole akiwa mtoto, na rafu ya vikombe, na dirisha linaloingiza jua mahali palepale kila asubuhi, na uso wake ukawa, kwa muda mfupi, uso wa mtumiaji.

"Hapana!" alipiga kelele. "Hapana, Mashuke! Jiko langu, hapana!"

Lo! Kama mzee mgonjwa angeachwa nalo peke yake, huenda neno lingekufa jikoni mle. Lakini sasa lilikuwa limetoka katika kinywa kilichotunga sheria. Kidawa alilionja kwanza, taratibu, kama mtu anayejaribu jino lililopona. "Hapana," alisema. Aliyekuwa nyuma yake akalipokea. Likashuka ngazi, likatoka langoni ambako askari alilisema mara tatu mfululizo akicheka peke yake, likateremka kilima, na watu wa mitaa ya chini walisikia nyumba kwa nyumba mlio ambao hawakuujua ila koo zao ziliujua.

Mdila ukachemka. Mzee Shaali alitwaa kikombe kutoka kwenye rafu, akamimina, akatazama watu waliosimama, na kati ya wote miguu yake ikamchagua Bi Rehani.

"Karibu kahawa, mama," alisema. "Wewe ni mgeni wa nani?"

"Wako," alisema Bi Rehani. Machozi yalimtiririka naye hakuyafuta, maana mikono miwili ilikuwa imeshika kikombe. "Ahsante, bwana. Ahsante sana."

Kisha mzee akawamiminia wengine: Kidawa, msuka mikeka, hata Bwana Mashuke, aliyekipokea kikombe huku hati ikimponyoka sakafuni. Alimkaribisha kila mmoja kwa heshima ileile, hadi akabaki mtu mmoja mwenye kanzu ya kulalia aliyenyoosha mkono. Mzee Shaali alimtazama kwa muda, akijaribu kwa bidii kumkumbuka, na hakumwona popote katika kumbukumbu zake. Akamgeukia Bi Rehani, kwani kwake yule mama alionekana mtu mwelewa.

"Na huyu," aliuliza, "anakaa hapa?"

Kila mtu jikoni alimgeukia Bi Rehani. Alimtazama Mtukufu Tengua kuanzia miguu hadi kichwa, akanywa funda moja kwanza, bila haraka, kisha lile neno likampanda tena hadi kwenye ulimi, na safari hii hakulimeza.