Ukaguzi wa Mfarishi

"Umefuliwa kwa maji ya moto au ya baridi?" aliuliza seremala, akiuzunguka mfarishi uliotundikwa kambani kama mtu anayekagua ng'ombe asiyekusudia kumnunua.

"Ya baridi," alijibu Mkaguzi.

"Basi si maji. Ni wewe, shemeji."

Mkaguzi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye kamba, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto. Ndivyo alivyosimama kwa miaka thelathini na mmoja mbele ya meza ya mwisho katika kiwanda cha mashati, na halikuwapo shati lililovuka mlango wa kiwanda kile bila kupita chini ya shingo hiyo iliyopinda. Alikuwa amestaafu mwaka mmoja uliopita. Jina la kazi lilibaki naye. Hata mkewe alilitumia, ingawa si kwa heshima ileile.

Jana mfarishi huo ulikuwa mstatili. Viraka themanini, nane kwa kumi, rangi mbili zikipishana kama ubao wa drafti, kila kiraka sentimita kumi kwa kumi. Katikati pamba, chini bitana ya rangi ya maziwa. Vyote vimeshonwa kwa mkono, kwa sindano moja, kwa muda wa miezi mitatu. Leo, baada ya kufuliwa mara moja tu, nusu ya viraka ilikuwa imenywea, na nusu nyingine imevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Pindo la chini lilikuwa limepanda upande mmoja. Palipostahili pembe nne kukutana, pembe nne ziliepukana, kama ndugu waliokwisha kugawana urithi.

Sababu haikuwa na siri yoyote. Viraka arobaini vilikatwa kutoka kwenye mashuka na mashati makuukuu, yaliyofuliwa mpaka yakachoka. Arobaini vilikatwa kutoka kwenye kitambaa kipya cha dukani. Kitambaa kipya hunywea kinapokutana na maji kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana fundi yeyote hukiloweka, akakianika, ndipo akashika mkasi. Mkaguzi alilijua jambo hilo. Alikuwa amekataa mashati zaidi ya elfu moja kwa kosa hilohilo. Ila hakuwahi kuwapo kabla ya kosa kutendeka. Miaka yote alifika mwisho wa kazi, wakati kazi imekwisha kuwa njema au mbaya, akadhani, kama wadhanivyo wengi waliosoma ukurasa wa mwisho, kwamba amesoma kitabu.

Mkewe alitoka jikoni na beseni la vyombo, akasimama, akautazama mfarishi, kisha akamtazama mume.

"Ulijua kwamba kitambaa kipya hulowekwa kwanza?" aliuliza Mkaguzi.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Wiki ya kwanza nilifungua mdomo, ukaniambia nisikuzibie mwanga. Nikasogea. Nikakuachia mwanga wako."

Seremala, ambaye alikuwa kaka wa mke na kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya utani isiyo na mpaka, alicheka mpaka akashika nguzo ya kamba. "Dada, mwonee huruma. Mtu kaanza kushona akiwa na mvi. Shemeji, sikiliza ushauri wa bure. Duka la pale kona wanauza mifarishi ya kiwandani, imenyooka kama rula. Kanunue mmoja, mpe binti yako kesho, mambo yaishe. Huu nipe mimi nifunikie mbao."

"Mbao zimekukosea nini?" aliuliza dada yake.

Kesho ilikuwa Jumapili, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa mjamzito wa miezi saba. Jumatatu alfajiri yeye na mumewe wangehamia mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, ambako mume huyo alikuwa amepandishwa cheo. Miezi mitatu iliyopita, mezani, Mkaguzi alitangaza kwamba angemshonea mjukuu wake mfarishi kwa mikono yake mwenyewe, bila kosa hata moja. Seremala aliuliza kama kuna chumvi. Binti hakuinua macho kutoka kwenye sahani.

Alikuwa na sababu ya kutoyainua. Miaka tisa nyuma aliajiriwa katika kiwanda kile kile, kwenye laini ya kola, akakaa miezi minane. Asubuhi moja baba yake alilichukua shati lake, akalipima, akaliinua juu mbele ya washonaji thelathini na wanne, akasema, "Kola hailingani," akalitia katika kapu la vitu vya kutupwa. Binti alimaliza zamu yake, hakurudi tena. Akasomea ukarani, akaupata, akaufanya vizuri. Tangu siku ile hapakuwa na kitu alichokitengeneza kwa mkono wake ambacho baba yake alikiona: si kitambaa cha meza, si kifungo kilichorudishwa mahali pake. Alikuja kila Jumapili, akamwamkia, akamuuliza habari za presha, akamletea matunda. Hakuna mtu ambaye angeweza kuliita jambo hilo ugomvi, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kulisuluhisha.

"Sinunui," alisema Mkaguzi. "Ukikauka, niletee mezani."

"Unataka kuufumua?" aliuliza mkewe.

"Nataka kuukagua."

Wahenga walisema mganga hajigangi. Kuhusu wakaguzi hawakusema lolote, labda kwa sababu hawakuwahi kumwona mmoja wao akitengeneza kitu. Alasiri ile Mkaguzi aliutandaza mfarishi mezani chini ya dirisha, akavaa miwani, akachukua rula na fomu. Fomu zilikuwa za kiwanda: siku ya kustaafu kiwanda kilimuaga kwa saa ya ukutani, naye akajiongezea kitita cha fomu za ukaguzi. Aliandika kwa mwandiko wake wa siku zote, uliosimama wima kama askari. *Kosa la 1: viraka vipya vimenywea nusu sentimita. Kosa la 2: pindo la chini limepanda sentimita mbili upande wa kulia.* Hakujihurumia, wala hakujidhulumu. Aliandika kila kilichokuwapo na hakuandika kisichokuwapo, na kadiri orodha ilivyorefuka ndivyo uso wake ulivyotulia. Mtu huwa mtulivu anapofanya kazi anayoiweza.

Makosa yalifika thelathini na saba.

Chini ya fomu palikuwa na visanduku vitatu: *Kimepita. Kirekebishwe. Kitupwe.* Mkaguzi aliinua kalamu, kisha akaiweka chini. Kanuni ya kwanza ya kazi yake ilikuwa kwamba aliyetengeneza hatoi uamuzi. Hapo asidhaniwe kuwa mnyenyekevu. Ilikuwa kanuni, naye hakuona sababu ya kuivunja kwa ajili ya mfarishi.

Jumapili binti alifika na mfuko wa machungwa. Aliamkia, akauliza habari za presha, akaambiwa iko palepale. Kisha akaona meza: mfarishi umetandazwa, fomu juu yake, kalamu juu ya fomu.

"Nini hiki, Baba?"

"Mfarishi wa mtoto."

"Huo nauona. Hii?"

"Fomu. Makosa yameshaandikwa. Uamuzi nimekuachia."

Binti aliishika fomu bila kuisoma. "Mimi si mkaguzi."

"Mimi ndiye niliyeshona. Siwezi kuwa vyote viwili."

Mama yake alisimama mlangoni mwa jikoni na kisu mkononi, akaona sura za wote wawili, akarudi kwenye vitunguu vyake. Alikiacha mlango wazi.

Binti alivuta kiti, akakaa taratibu kama mwenye mzigo, akafanya jambo ambalo baba yake hakulitarajia: kabla ya kuutazama uso wa mfarishi, aliugeuza akatazama bitana. Ndivyo wanavyofundishwa washonaji. Uso hudanganya, bitana haijapata nafasi ya kujiandaa. Vidole vyake vilipita juu ya mishono bila haraka, vikasimama, vikaendelea. Miaka tisa haikuwa imevisahaulisha kitu.

"Namba nane," alisoma. "'Mishono haina urefu mmoja, safu ya tatu.' Ulikuwa umechoka?"

"Nilikuwa naanza. Safu ya tatu ndiyo niliyoanza nayo."

"Kwa nini uanzie ya tatu?"

"Ili ya kwanza itoke nzuri."

Binti aliinamisha kichwa juu ya fomu, mabega yakitikisika kwa kicheko. Kisha akachukua kalamu. "Namba nane naifuta."

"Huwezi kufuta kosa lililopo."

"Uamuzi si wangu?"

"Mfutie na lile la kunifukuza kwenye mwanga," ilisema sauti kutoka jikoni. "Sidhani kama ameliandika."

Binti aliendelea kusoma. Alifuta namba kumi na mbili na kumi na tano, akaacha kumi na tisa, akatikisa kichwa kwa ishirini na tatu. Alipofika chini aliilaza fomu mezani, akainyoosha kwa kiganja ingawa ilikuwa imenyooka.

"Shati langu lilikuwa na kosa moja," alisema.

Hakuna aliyeuliza shati lipi.

"Kola," alisema Mkaguzi. "Ncha ya kulia na ya kushoto hazikulingana. Zilipishana milimita nne. Kiwango kiliruhusu tatu."

"Zilikuwa tatu."

"Nne."

"Shati ninalo, Baba. Nililipima nilipofika nyumbani. Kwa rula, kwa tepu, nikaenda kuazima rula ya jirani. Tatu."

"Lilikuwa kapuni."

"Nililiokota. Lilikuwa la kutupwa, kwa hiyo sikuiba."

Jikoni kisu kilikuwa kimenyamaza. Mkaguzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati lake, akaivaa tena, akaona kwamba haikuwa na vumbi. Katika miaka thelathini na mmoja wasimamizi wawili, meneja mmoja na mume wa mshonaji mmoja aliyekuja na fimbo walijaribu kumfanya apunguze kipimo. Hakuna aliyefanikiwa hata kwa nusu milimita.

"Nilipima mara moja," alisema.

Binti alimtazama. "Kanuni ni mara mbili."

"Mara mbili. Wote niliwapimia mara mbili. Lako nililipima mara moja."

"Kwa nini?"

"Laini nzima ilikuwa inatazama. Ningerudia, wangesema namtafutia mwanangu nafasi." Alisema hayo kwa sauti ileile aliyosomea makosa, isiyopanda wala kushuka. "Na ile mara moja niliona nne. Sijui kama niliona nne au nilitaka ziwe nne. Nimelifikiria sana jambo hilo. Sijui."

"Umelifikiria lini?"

"Nikiwa nashona."

Binti hakulia, na Mkaguzi hakuwa na desturi hiyo. Machungwa yalikuwa bado ndani ya mfuko, katikati ya sakafu, mahali alipoyaweka alipoingia.

"Basi zilikuwa tatu," alisema Mkaguzi.

Aliyatamka maneno hayo polepole, kama mtu anayeandika tarehe. Binti alivuta mfarishi karibu na dirisha, akaupapasa tena upande wa bitana, pembe moja baada ya nyingine. Kwenye pembe ya nne vidole vilisimama.

"Hapa pana fundo."

"Wapi?"

"Hapa. Umefunga uzi juu ya bitana badala ya kuuficha ndani. Gumu kama punje. Litamkwaruza shavuni."

Mkaguzi aliinama, akatazama, akagusa. Lilikuwapo. Alitazama orodha yake ya thelathini na saba kutoka juu hadi chini, kwa kidole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye ubao wa matokeo. Halikuwamo.

"Hukuliandika," alisema binti.

"Sikuliona."

"Mama," binti aliita kuelekea jikoni, "njoo usikie. Baba hakuona."

"Nimesikia," alijibu mama yake. "Nangoja alirudie."

Binti aliandika kwa mwandiko wake wa kikarani, wa mviringo, chini ya safu ya askari wa baba yake: *Kosa la 38: fundo.* Kisha akatia alama katika kisanduku cha kati. *Kirekebishwe.*

"Yote thelathini na nane?" aliuliza Mkaguzi. "Mnaondoka alfajiri."

"Hili la fundo tu."

"Na pindo? Limepanda sentimita mbili."

"Mtoto hatakuja na rula, Baba. Nipe mkasi."

Alimpa mkasi, kisha sindano, kisha uzi wa rangi ya maziwa. Binti alitaka kuipakata ile pembe, lakini mapaja hayakuwa na nafasi; akaipandisha juu ya tumbo, akaitegemeza hapo, akainamia kazi. Sehemu ya mfarishi iliyobaki ilianza kuteleza kuelekea sakafuni. Mkaguzi aliuwahi, akakaa kwenye kiti cha upande wa pili, akaushika pindo kwa mikono yote miwili.

"Usivute," alisema binti bila kuinua kichwa. "Shikilia tu."

Alishikilia. Kitambaa kilitanda kati yao, kikiwa na mabonde yake na vilima vyake, na mwanga wa dirishani ukaviangukia viraka vilivyovimba upande mmoja tu, vingine vikabaki kivulini. Fundo lilikatika kwa mlio mdogo. Binti alitia uzi mpya, akauzamisha ndani ya pamba, akautoa mbele kidogo. Kila alipouvuta, mvuto ulisafiri polepole katika safu zote kumi, zilizonyooka na zilizopinda, mpaka ukafika vidoleni mwa mzee. Naye hakuukaza wala hakuulegeza, akangoja unaofuata.