Doa Jekundu Kona ya Kushoto

Fundi wa miwani alikuwa na maadui wengi mtaani, na karibu wote walikuwa taa. Kulikuwa na taa ya barabarani iliyosimama mbele ya geti kama askari asiyejua zamu imekwisha, bango la duka la simu lililobadilika rangi kila ukipepesa macho, na taa za gereji ambazo mwenye gereji aliziwasha ili kuwatisha wezi, nao wezi wakapata mwanga mzuri wa kufanyia kazi.

Katikati ya mwanga huo wote, juu ya paa, alikuwa anapiga picha ya nebula: wingu la gesi kati ya nyota, hafifu kiasi kwamba hata ukitoa macho huoni kitu. Tegemeo lake lilikuwa kichujio, kipande cha kioo mbele ya kamera kinachozuia karibu mwanga wote wa mji na kupitisha wekundu mmoja tu, ule ambao gesi ya wingu lenyewe huutoa. Kinachopita ni kidogo mno, kwa hiyo kamera hukodoa jicho jioni baada ya jioni, halafu picha zinalazwa moja juu ya nyingine mpaka wingu lijitokeze.

Jioni hizo ndizo zilizokuwa zinamwishia. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe, na wifi yake alilitaka paa kwa ajili ya miche ya nyanya. Mama mkwe, muuguzi mstaafu asiyeamini ugonjwa ambao hajaugusa, alikata shauri.

"Mkamwana, nionyeshe hilo wingu kabla mvua hazijaanza. Nikiliona, paa ni lako. Nisipoliona, wifi yako apande na mabeseni yake."

Mume, ambaye ni mwokaji mikate, alipoulizwa yeye anaonaje, alisema unga umeisha, akatoka.

Tatizo ni kwamba kila picha ilitoka na doa. Doa jekundu, nono, kona ya chini kushoto, pale pale wingu lilipotakiwa kuwa. Alibadilisha nyaya. Aliisafisha lenzi mpaka mume akauliza kama inaenda kuposwa. Akamwendea mwenye duka la simu kumwomba azime bango jioni.

"Dada, nikizima, wateja watajuaje nipo?"

"Watakusikia. Na huo muziki wako, hata viziwi wanajua upo."

"Na wewe kama unazipenda nyota hivyo, si uhamie huko huko?"

Alipanda ngazi zote akifoka peke yake. Angalau wa nyumbani wananitii, alijiliwaza. Alikwisha kupiga marufuku taa nyeupe upande wa paa. Jioni ni nyekundu tu. Sheria hiyo aliijua tangu zama za kutazama nyota kwa macho matupu, kwa kuwa wekundu hauyasumbui macho yaliyozoea giza. Tena alichora mstari wa chaki kuizunguka stendi ya kamera: atakayeuvuka, undugu umekwisha.

Jumamosi, jua lilipotua tu, uvumilivu nao ukatua. Alikifungua kichujio, akakiweka jichoni kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, akageuka polepole. Taa ya barabarani ikafifia kama kaa linalokufa. Bango, giza. Gereji, giza. Wote aliogombana nao hawakuwa na kosa. Akainama ukingoni mwa paa, na hapo chini dirisha moja likawaka kama mdomo wa tanuri, likiupaka wekundu ukuta mweupe wa jirani, nao ukuta ukiurudisha juu kwenye lenzi.

Lilikuwa dirisha la jikoni kwao.

"Hii nini?" alimuuliza wifi yake aliposhuka jikoni, akiinyooshea kidole taa iliyoning'inia juu ya mabeseni.

"Taa ya miche. Majani yanaupenda wekundu huu. Na wewe si ulisema nyekundu haina neno? Nimekutii, wifi. Leo utii nao ni dhambi?"

Fundi aliitazama taa kupitia kichujio. Wekundu wa taa ile ulikuwa jirani wa mlango kwa mlango na wekundu wa gesi, na kichujio kiliukaribisha kama mgeni mwenye kadi. Sheria yake ilikuwa ya macho. Kamera haikuwamo.

"Mkamwana!" mama mkwe aliita kutoka sebuleni.

Alikuwa ameinamia kompyuta, miwani puani, mbele yake picha ya jana.

"Kumbe lipo. Mbona ulikuwa unanificha? Lilivyojaa, utadhani linapumua. Basi, mwanangu, paa ni lako. Nimeliona."

Kidole chake kilikuwa juu ya doa.

Wifi alisimama mlangoni, uso umemshuka. Kunyamaza tu kungetosha, na fundi alilijua hilo. Lakini wingu alilolihangaikia mwezi mzima liko chini ya doa hilo, limefunikwa, na sifa zake zinakwenda jikoni. Hakuweza.

"Mama, hilo si wingu. Hilo ni taa ya nyanya za wifi."

Wifi alianza kucheka huku akishikilia fremu ya mlango. "Kwa hiyo nyanya zangu zimefika mbinguni kabla yako."

"Wewe nyamaza."

"Nimenyamaza. Nauliza tu, zimetokea vizuri?"

Mama mkwe alivua miwani. "Na miche inawashiwa taa kwa nini? Jua limeharibika?"

"Jua liko juu ya paa, Mama. Na juu ya paa kuna chaki."

Mama mkwe aliwatazama kama wagonjwa wawili wanaogombea kitanda, mmoja wa kulala mchana, mwingine usiku.

"Huyu analitaka paa jua likitua. Huyu analitaka likichomoza. Mnagombana nini? Miche ipande, taa izimwe. Nawe, uliyejinyang'anya ushindi kwa mdomo wako, nakungojea hata mvua zikipita, mpaka nilione lenyewe. Lakini chaki ifutwe."

"Mama, stendi ikisogea naanza upya kuilenga ili ifuate nyota."

"Utaanza upya."

Wifi hakungoja kesho. Alipandisha beseni baada ya beseni, akaagiza stendi isogezwe mpaka kwenye tangi la maji, wakabishana, wakakubaliana nusu ya njia. Fundi akapiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, jicho kwenye kitundu cha kulengea, akisonya.

"Unatafuta nini?"

"Ncha ya mbingu. Pale panapozungukwa na nyota zote."

"Si ulikuwa nayo jana?"

"Nilikuwa nayo. Umeiwekea beseni."

"Haya," wifi alisema, akilisukuma beseni kwa mguu. "Itafute, nimeipisha."